Je, Wajua? Kutoka Keria Hadi Mstari wa Kuanzia

Je, wajua kwamba Kristen Faulkner, bingwa wa Olimpiki wa mbio za baiskeli za barabarani, alianza kujifunza baiskeli ya mashindano akiwa mtu mzima mwenye kazi yake ofisini? Mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 24, alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya uwekezaji jijini New York. Akajiandikisha kwenye darasa la wanawake wanaoanza, lililofanyika katika bustani ya Central Park. Miaka saba baadaye, tarehe 4 Agosti 2024, alisimama Paris shingoni akiwa na dhahabu. Mwanzoni hakuwa hata na nafasi katika mbio hizo. Aliipata baada ya mwenzake, Taylor Knibb, kuiachia. Zikiwa zimebaki kama kilomita tatu alichomoka peke yake, na wenzake wakafika mwisho sekunde 58 baada yake.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu swali ninalolisikia mara nyingi kutoka kwa wanawake wanaotamani mashindano ya baiskeli ni moja: "Si nimeshachelewa?" Hujachelewa, dada. Annemiek van Vleuten wa Uholanzi alikuwa mchezaji wa mpira wa miguu mpaka goti likamgomea, ndipo akageukia baiskeli. Aliposhinda Tour de France Femmes ya mwaka 2022 alikuwa na miaka 39. Ashleigh Moolman Pasio wa Afrika Kusini aliuanza mchezo huu akiwa mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Stellenbosch. Na Mavi García wa Uhispania alipanda jukwaani Kigali mwaka 2025 kupokea shaba ya dunia akiwa na miaka 41.

Wajua kwa nini "baiskeli ya kike" haina bomba la juu? Ni kwa ajili ya sketi ndefu za wanawake wa Ulaya na Marekani wa karne ya 19. Fremu ilishushwa katikati ili nguo ipite. Baiskeli ya mashindano haina habari na sketi: fremu ya mwanamke na ya mwanamume zina umbo lilelile la pembetatu, tofauti ni saizi. Huku kwetu wengi tuliijua baiskeli tukiwa kwenye keria, tumekaa upande, mkono mmoja umeshika siti ya anayeendesha. Waliobahatika kuendesha walipenyeza mguu chini ya bomba la baiskeli ya baba na kukanyaga wakiwa wamejipinda. Aliyeweza kukata kona kwa mtindo huo tayari ana kitu ambacho wanaoanza ukubwani hulipia mafunzo: mizani.

Ukipita vijiji vya kusini Unguja saa za kutoka shule, utawaona wasichana wa mitandio meupe wakikanyaga kurudi nyumbani, wawiliwawili, wanaongea bila kushika breki. Hakuna anayewaita wanamichezo. Mimi nawaita hivyo.

Je, wajua kwamba adui mkubwa wa mwendeshaji barabara tambarare ni hewa? Kwa mwendo wa kilomita 35 kwa saa, robo tatu hivi ya nguvu zako au zaidi huishia kusukuma upepo. Ukitaka mwendo mara mbili, nguvu ya kuishinda hewa inatakiwa mara nane. Ndiyo maana mtu mwenye mapafu mazuri na miguu imara anaweza kuachwa na kundi la watu wa kawaida wanaojua kukingana upepo. Mwaka 2018 watafiti wa Uholanzi na Ubelgiji walichunguza kundi la waendeshaji 121 na kukuta kwamba aliyejificha vizuri ndani kabisa ya kundi anaweza kupata upinzani wa hewa wa asilimia 5 hadi 10 tu ya ule anaoupata aliye peke yake.

Hilo nilikuwa nimelisoma. Kulijua ni jambo lingine. Asubuhi yangu ya kwanza kwenye mazoezi ya kundi tulikuwa wanawake saba, saa kumi na mbili kasorobo, barabara bado ina ubaridi na taa za malori zinakuja kwa mbali. Aliyetuongoza ni mama wa watoto watatu, mwembamba, maneno machache. Alinipanga nyuma yake, akasema: "Mdogo wangu, usiangalie tairi langu. Angalia mabega yangu, na kilicho mbele ya mabega." Mwanzoni niliacha nafasi ya baiskeli mbili kwa woga, na upepo ukanijaa kifuani. Akanipungia mkono nisogee. Nikasogea. Nilipofika kama hatua moja kutoka gurudumu lake, kelele za upepo masikioni zikakatika ghafla, kama mtu aliyefunga dirisha la basi. Miguu ikawa myepesi. Nikasikia cheni yake, nikasikia pumzi zangu. Mwendo ulikuwa uleule uliokuwa ukinitesa dakika moja kabla.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilichokuwa nikikiita udhaifu kilikuwa ni kutofundishwa tu.

Kwa hiyo, haya ndiyo aliyonifundisha, na ndiyo utakayofundishwa popote. Usipishanishe gurudumu lako la mbele na la nyuma la mwenzako, kwa sababu yakigusana anayeanguka kwa kawaida ni aliye nyuma. Usishike breki ghafla, wala usihame mstari wako bila kuangalia. Kidole kikielekezwa chini upande wa kushoto, kuna shimo kushoto. Kiganja kikiinuliwa, tunasimama. Zamu yako ya kuongoza ikifika, usiongeze mwendo kuonyesha kwamba upo, shikilia uleule. Ukichoka, jitoe pembeni taratibu na urudi nyuma. Hakuna aibu.

Je, wajua kaptula ya baiskeli yenye sponji huvaliwa bila chupi? Siri hii hakuna anayemwambia anayeanza, naye anaona haya kuuliza. Mshono wa chupi ukisugua ngozi kwa saa mbili huacha kidonda. Wajua pia kwamba siti pana na laini kama mto si lazima iwe rafiki yako? Uzito unatakiwa ukae kwenye mifupa miwili ya makalio. Kwa wastani mifupa hiyo kwa wanawake imeachana zaidi kuliko kwa wanaume, ndiyo maana siti iliyokuja na baiskeli inaweza kuwa sahihi kwa kaka yako na adhabu kwako. Ukisikia ganzi au maumivu ya mbele, usivumilie ukidhani ndio mchezo. Mwambie fundi ainamishe pua ya siti kidogo sana, pima tena, na ikishindikana badilisha siti. Nimewaona wanawake wawili wakiacha mchezo huu kwa sababu ya siti tu, na bado inaniuma.

Na mavazi ya heshima? Masomah Ali Zada, mzaliwa wa Afghanistan, alishindana katika Olimpiki ya Tokyo kwenye timu ya wakimbizi akiwa na mikono mirefu na kitambaa chini ya helmeti. Saa ilimhesabia sekunde kama ilivyowahesabia wenzake wote.

Je, wajua kwamba mwili hutunza sukari ya kutosha kwa saa moja na nusu hadi mbili tu za kukanyaga kwa nguvu? Baada ya hapo, kama hukula, unazima. Si uchovu wa kawaida: mikono inatetemeka, jasho la baridi, kilima kidogo kinakuwa mlima. Dawa ni kula kabla njaa haijaja, kuanzia nusu saa ya kwanza. Walio Ulaya hununua vifuko vya sukari kwa bei kubwa. Ndizi mbivu, tende na kashata hufanya kazi hiyohiyo, na vinaingia mfukoni mgongoni. Tende, zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Kashata ya karanga ni nzito tumboni, iweke kwa safari ndefu ya polepole na si kwa mbio.

Wajua neno moja ambalo kila kocha wa wanawake angepaswa kulifahamu? Upungufu wa nishati. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko lake la kwanza kuhusu hali inayompata mwanamichezo anayekula kidogo kuliko anavyochoma. Kwa mwanamke, moja ya dalili zake ni hedhi kukatika. Ikikatika, usifurahi kwamba umepumzika: mifupa nayo inadhoofika. Mwone daktari, ongeza chakula. Mchezo huu umejaa maneno kuhusu wepesi wa mwili, na wasichana wengi wameumia kwa kuyaamini.

Tugeuke nyuma kidogo. Je, wajua kwamba miaka ya 1890 kulikuwa na madaktari waliowaonya wanawake kuhusu "uso wa baiskeli"? Walidai kwamba kukanyaga na kushika mizani humkunja mtu uso, macho yakamtoka, taya likakakamaa. Wanawake wakaendelea kukanyaga.

Na wajua habari za Alfonsina Strada? Mwanamke huyu wa Italia anasimuliwa kwamba baiskeli ya kwanza nyumbani kwao baba yake aliibadilisha kwa kuku, na kwamba katika moja ya mbio zake za mwanzo zawadi ilikuwa nguruwe hai. Alipoolewa mwaka 1905, mumewe alimpa baiskeli ya mashindano kuwa zawadi ya harusi. Mwaka 1924 timu kubwa ziligombana na waandaaji wa Giro d'Italia kuhusu malipo zikasusa, na wakapokewa waendeshaji binafsi. Alfonsina akaingia, namba 72, jina lake likiwa limeandikwa bila herufi ya mwisho, "Alfonsin", hata msomaji asitambue mara moja kama ni mwanamume au mwanamke. Njia ilikuwa kilomita 3,613 katika hatua 12, barabara nyingi za vumbi na matope. Katika hatua ya L'Aquila hadi Perugia, mvua na upepo vikimwangusha mara kwa mara, usukani wake ukakatika. Akaufunga kipande cha mti wa ufagio mahali palipokatika, akapanda tena, akafika usiku nje ya muda uliowekwa. Kwa kanuni alikuwa ametolewa. Waandaaji wakamruhusu aendelee bila kuhesabiwa katika matokeo, na akafika Milano. Walioanza walikuwa 90. Waliomaliza na kuhesabiwa, wanaume 30.

Kuhusu ufagio: gari linalofuata nyuma kabisa ya mbio, kuwabeba walioshindwa, huitwa gari la ufagio. Tour de France ililianzisha mwaka 1910, na zamani lilifungwa ufagio wa kweli. Kupanda gari hilo katika mbio zako za kwanza si fedheha. Mabingwa wengi wamelipanda.

Je, wajua anayepewa namba 13 huruhusiwa kuibandika juu chini ili kufukuza mkosi? Ni desturi ya zamani Ulaya na waamuzi huikubali.

Wajua kwamba mashindano ya dunia ya barabarani yaliwafungulia wanawake mlango mwaka 1958 tu, mjini Reims, Ufaransa? Mshindi wa kwanza alikuwa Elsy Jacobs wa Luxembourg. Mwaka huohuo aliendesha kilomita 41.347 ndani ya saa moja kwenye uwanja wa baiskeli, na rekodi hiyo ikakaa hadi 1972. Olimpiki ilichelewa zaidi. Wanaume walianza Athens 1896, wanawake Los Angeles 1984.

Na Beryl Burton je? Mwingereza huyu aliugua vibaya utotoni homa ya baridi yabisi. Mwaka 1967, katika mbio za saa 12, aliwakuta na kuwapita wanaume walioanza kabla yake, mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alikuwa Mike McNamara, aliyekuwa njiani kuvunja rekodi ya wanaume. Beryl alipomfikia alitia mkono mfukoni, akatoa pipi, akampa, akaendelea. Alimaliza na maili 277.25, sawa na kilomita 446 hivi. Umbali huo ulikuwa juu ya rekodi ya wanaume hadi mwaka 1969. Kwa wanawake ulidumu hadi 2017.

Kuhusu fedha nitasema wazi, kwa sababu dada anayefikiria kuacha kazi anastahili kuambiwa. Marianne Martin wa Marekani alishinda Tour de France ya wanawake mwaka 1984, akapata kama dola 1,000 na kugawana na wenzake. Mwaka 2022 mshindi alipata euro 50,000. Kima cha chini cha mshahara kwa timu za wanawake za daraja la juu kilianza mwaka 2020, kikiwa euro 15,000 kwa mwaka, na pamoja nacho ikaja likizo ya uzazi: miezi mitatu kwa malipo kamili na mitano kwa nusu. Hayo ni ya daraja la juu kabisa. Chini yake wapo wengi wanaokimbia kwa nauli zao wenyewe.

Je, wajua kwamba bingwa wa Olimpiki wa Tokyo hakuwa hata na timu ya kulipwa? Anna Kiesenhofer wa Austria ni daktari wa hisabati. Alijipangia mazoezi na chakula mwenyewe. Bendera iliposhushwa alichomoka, wakafuatana watano, na wawili kati yao walikuwa Waafrika: Vera Looser wa Namibia na Carla Oberholzer wa Afrika Kusini. Kundi kubwa likawaacha waende, kwa kudhani watarudi. Zikiwa zimebaki kilomita 41 hivi Kiesenhofer akabaki peke yake. Olimpiki hairuhusu redio za masikioni, na nyuma hesabu zikapotea. Van Vleuten alivuka mstari akainua mikono kushangilia, kumbe dhahabu ilikuwa imekwenda dakika moja na sekunde 15 kabla yake. Sote tulioanza bila kocha tuna sababu ya kulikumbuka jina hilo.

Sasa Afrika. Jeanne d'Arc Girubuntu alikuwa Mnyarwanda wa kwanza wa kike kushiriki mashindano ya dunia ya barabarani, mwaka 2015, mjini Richmond, Marekani. Miaka kumi baadaye, Septemba 2025, mashindano yenyewe yakaja Kigali, mara ya kwanza katika bara letu. Wanawake waliendesha kilomita 164.6 za kupanda na kushuka vilima, pamoja na kilima cha mawe cha Kimihurura, jiji likiwa juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mshindi alikuwa Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye hakuwa katika midomo ya watabiri. Wakubwa walitazamana, yeye akaenda.

Mwaka huohuo Kimberley Le Court wa Mauritius alishinda Liège–Bastogne–Liège, akawa Mwafrika wa kwanza wa kike kushinda moja ya mbio tano kongwe za siku moja, kisha akavaa jezi ya njano ya Tour de France Femmes. Huyu aliwahi kuachana na mbio za Ulaya, akarejea 2024. Na Paris mwaka huo, Ese Ukpeseraye wa Nigeria alipata nafasi ya ghafla katika mbio za uwanjani bila kuwa na baiskeli ya uwanjani. Timu ya Ujerumani ikamwazima.

Kuazima ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Dada wawili wa Afghanistan, Yulduz na Fariba Hashimi, mmoja na miaka 17 na mwingine 14, walisikia kuna mbio za baiskeli jimboni kwao. Hawakuwa na baiskeli wala hawakujua kuendesha. Wakaazima ya jirani, wakajifunza kwa alasiri moja. Siku ya mbio walivaa nguo kubwa, vitambaa na miwani, wakajiandikisha kwa majina ya uongo ili wasitambuliwe. Wakashika nafasi mbili za kwanza. Mwaka 2021 walikimbilia Italia, na mwaka 2024 waliiwakilisha nchi yao Paris.

Ombi langu ni kwa waandaaji wa mashindano ya mikoani, kuanzia Kanda ya Ziwa, ambako baiskeli ni maisha ya kila siku. Msiwaanzishe wanawake saa saba mchana watu wakiwa wameshaanza kuondoka. Tangazeni umbali wao mapema, wawekeeni mstari uleule wa kumalizia na zawadi ileile, na andikeni majina ya wote waliofika, hadi wa mwisho. Na wewe mwenye baiskeli iliyoegemea ukutani tangu mwaka juzi, jaza upepo tairi, tia mafuta cheni, mwite binti wa jirani.